Injini Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kuniita mwizi. Alifanya tu kila jambo ambalo mtu hufanya anapoishi na mwizi.

Mimi ni mtu wa Mitunguu, kule Meru, wa migomba na mifereji, lakini nilioa Mbeere, kule chini Embu, kando ya bwawa la Masinga, na nikahamia huko. Mwanamume anayekwenda kuishi kwa kina mke wake hutazamwa kwa jicho la pembeni hata akiwa malaika. Mimi nilikuwa na balaa la ziada: nilijua injini. Tangu ujana nilikuwa nikifungua na kufunga pampu za kumwagilia mashamba. Kwa hiyo mama mkwe, ambaye alikuwa mjane, alipouza ng'ombe wake akanunua boti na injini ya kupachika nyuma, hakukuwa na wa kuiendesha ila mimi. Alinihitaji, na alinishuku, na hayo mawili hayakumsumbua kukaa pamoja.

Lazima niseme kwamba hofu yake haikuwa ya bure. Injini zilikuwa zinatoweka pale bwawani. Unalegeza skrubu, unaitia kwenye gunia, unapanda basi, basi umekuwa tajiri. Mwenye boti anarudi kupiga kasia katikati ya viboko na mamba. Na kila injini ilipopotea, watu walinong'ona jambo lilelile: kikulacho ki nguoni mwako. Mama mkwe alikuwa akinitazama mimi walipokuwa wakisema hivyo.

Basi kila jioni niliifungua injini, nikaibeba begani hadi sebuleni kwake, na hapo ndipo mwisho wangu. Yeye na mke wangu waliiburuta hadi chumbani mwake, wakaisukuma chini ya kitanda. Kwetu sisi, uwe wa Meru au wa Mbeere, mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, wala yeye haingii cha mkwe wake. Ni aibu ambayo huondolewa kwa mbuzi. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la maua lililochujuka, lakini kwangu lile pazia lilikuwa ukuta wa gereza. Niliusifu ujanja wake, na uliniudhi.

Samaki walipohama, tulizunguka bwawa kwa siku kadhaa, tukilala ufuko huu na ule. Huko pazia halikuwepo, kwa hiyo alinipa mwanawe, shemeji yangu. Eti aje kuvuta nyavu. Kuvuta nyavu gani? Alikuja kunivuta mimi nikikimbia. Mimi nami sikumwamini hata kidogo, maana alipenda sana kuniuliza injini kama ile ingefaa kwa pampu. Tukaipaka rangi mbaya ya lami ionekane kuukuu. Tulipofika ufukoni nilitoa plagi, ambayo bila hiyo injini haiwaki, nikaitia mfukoni, kisha tukaifunga injini kwa mnyororo kwenye mti wa mgunga, kwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, mwingine yeye.

"Shem, si kwamba nakushuku," alikuwa akisema huku akivuta kufuli yangu kuona kama imeshika.

"Hata mimi," nilimjibu, nikivuta yake.

Sasa, kuna siku ya soko mke wangu na shemeji walipeleka samaki Embu. Nilibaki nikishona wavu uani. Mama mkwe aliingia chumbani kuivuta injini ili niisafishe mchana ule, mara nikamsikia akipiga ukelele. Nilisimama mbele ya pazia.

"Mama, ni nini?"

"Nyoka! Ameniuma mkono. Alikuwa amejikunja huku chini kwa injini."

"Naingia."

"Usiingie! Ita wanawake!"

Niliita. Majirani walikuwa wameenda kuteka maji, na kijiji chote kilinyamaza kama kimenisusa. Nikamsikia akianza kutapika. Hapo nikasema Mungu na wazee watanisamehe, nikalifungua pazia.

Nyoka alikuwa ameshatoweka kwenye ufa wa ukuta. Mama mkwe alikuwa sakafuni, mkono umeanza kuvimba, na aliponiona ndani ya chumba chake alifumba macho. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bwawa. Kwa kasia angefika maiti. Sikuweza kubeba vyote viwili, na sikutaka kumlaza juani kisha injini ikatae kuwaka, maana ilikuwa na tabia hiyo. Nikamwambia asiusogeze mkono, naitanguliza injini, narudi. Sijui kama alinisikia. Niliivuta kutoka chini ya kitanda, nikaitupa kwenye wilbaro, nikakimbia nayo hadi majini. Nilipoipachika na kuvuta kamba ilinguruma, nikaiacha ikinguruma, nikapanda tena mlima hadi nyumbani na wilbaro tupu.

Nilimkuta amegeuza uso ukutani, analia polepole. Sikuwahi kumwona akilia, hata mazishini. Alipohisi mikono yangu ikimwinua aligeuka akanitazama kwa mshangao.

"Umerudi?"

"Si nilisema narudi, mama?"

"Nilisikia injini imewaka. Nikasema, haya, ameenda Meru."

Niliudhika, sitaficha. Mtu anakufa, na bado ananihesabia nauli ya basi! Lakini nilimlaza kwenye wilbaro, tukashuka, na njia nzima ya maji alishika injini kwa mkono wake mzima, sijui kwa kuogopa mawimbi au kwa mazoea.

Alipona. Kidole kimoja kilibaki kimekakamaa. Mbuzi alichinjwa, wazee wakanena maneno yao, na aibu ya chumbani ikaondoka. Jioni ya kwanza baada ya hapo nilibeba injini kama kawaida hadi sebuleni, nikaiweka chini. Mama mkwe aliitazama, akalitazama lile pazia lake.

"Hapo umeshaingia," akasema. "Hapazuii mtu tena. Peleka ilale kwako."

Nikaisukuma chini ya kitanda changu mwenyewe. Asubuhi iliyofuata nilisikia nyayo zake zikija hadi sebuleni kwangu, zikasimama mbele ya chumba tunacholala mimi na binti yake. Sisi pia tulikuwa na pazia tu.

"Iko?" akauliza.

"Iko, mama."

 Nilingoja aniambie niitoe aione. Kisha nikasikia nyayo zikirudi kwake, taratibu, na hakuuliza mara ya pili.