Mtindi wa Msafi

Chuoni tulimwita Msafi, na hakuna aliyempa jina hilo kwa kejeli. Katika darasa letu la maabara wengine tulisuuza vioo mara moja tukakimbilia chakula. Yeye alibaki kwenye sinki. Alisugua vioo vyake, kisha vya kwetu, kisha bomba lenyewe. Akikukuta unatafuna karanga karibu na darubini alikutoa nje kama mbuzi aliyeingia sebuleni. Mama yangu alimpenda kuliko rafiki zangu wote. Kwao kulikuwa mbali, kwa hiyo Jumapili nilimleta nyumbani kula, na kabla hajagusa kijiko alinawa mpaka viwikoni. "Huyu kijana," mama alikuwa akisema, "hata vijidudu vinamwonea haya."

Mimi waliniita Jicho. Nilikuwa naona kimelea kwenye kioo kabla wenzangu hawajamaliza kurekebisha lenzi. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba na mimi nilikuwa na sifa zangu, maana huko mbele hazitanisaidia kitu.

Miaka ishirini ikapita. Mimi nimebaki hospitalini kwenye benchi lilelile, chini ya dirisha linalotazama ukuta. Msafi akafungua maabara yake mwenyewe, ghorofa ya chini ya nyumba anayoishi na mkewe. Kiongozi wetu wa darasa, ambaye tulimwita Kipaza kwa sababu mpaka leo hajui kunong'ona, akaunda kundi la simu, na humo ndimo tulimojuliana hali: nani kaoa, nani kaachika, nani kanenepa. Mwaka huu akatangaza kwamba picha zimetosha, tuonane uso kwa uso, Jumamosi mchana, nyumbani kwa Msafi.

Nilikwenda kwa furaha, na nilikuwa na shukrani za kumpa mkononi. Miezi minne kabla ya siku hiyo mama alianza kulalamika ubavu, na jioni homa. Daktari akataka mkojo wake uoteshwe: unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, sahani inawekwa kwenye kabati la joto, inasubiriwa mpaka kesho yake au kesho kutwa, kisha tunaangalia kilichoota. Kabati letu la hospitali lilikuwa bovu. Nikampelekea Msafi, maana ningemwamini nani mwingine? Jibu likaja kwamba hakuna kilichoota. Kwetu, jibu la maabara ya nje haliingii kwenye faili la mgonjwa mpaka mmoja wetu alikague na kusaini chini yake. Nilisaini mimi. Daktari akasema basi ni mgongo huo, akamwandikia mama dawa za maumivu. Mama akawa anazimeza kila siku, homa inakwenda na kurudi, na asubuhi anaamka uso umevimba.

Tulikuwa kumi na wawili. Viti vya Msafi vilikuwa bado vimefunikwa nailoni yake ya dukani, na kila aliyekaa alikuwa anateleza taratibu kuelekea sakafuni huku akijisifu. Yule aliyenakili majibu yangu mitihani yote sasa ni mkaguzi wa maabara, na alilisema neno "mkaguzi" mara tisa, nilihesabu. Mwingine ameacha kupima, anauza vitanda vya hospitali, na alitutazama mmoja mmoja kama anayepima urefu wetu. Majigambo yao yakaanza kunikera. Nikajiambia huo ni wivu tu, wewe ambaye bado unashika vikopo vya choo.

Mke wa Msafi akaleta mtindi kwenye bilauri. Mzito, mtamu, hauna hata tone la maji juu. Kipaza alimaliza bilauri mbili kabla mimi sijafika katikati ya yangu.

"Shemeji!" akapaza. "Mtindi huu unaugandisha wapi? Wa kwangu kila siku unakuwa uji."

Mke akacheka, akamtupia mumewe jicho. Msafi akainuka. "Njooni niwaonyeshe."

Tukashuka ngazi. Maabara iling'aa. Vigae vyeupe mpaka darini, sakafu inanukia dawa, na sinki la chuma ambalo ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Akafungua kabati la joto. Nilitazamia kuona sahani za wagonjwa. Kulikuwa na sufuria tatu za mtindi zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi, na kwenye rafu ya chini soksi za mtoto zinakauka.

Mkaguzi akaziba mdomo. Kipaza akashika tumbo. "We Msafi! Kwenye kabati la mikojo? Umetulisha nini?"

Msafi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Hebu acheni ushamba. Mimi niwalishe uchafu? Si mnanijua? Kabati hili halijaona mkojo tangu mwaka jana."

Pumzi zikashuka. "Haya, hapo sawa," Kipaza akasema. "Ulitaka kuniua." Akauliza kama juu kumebaki bilauri nyingine.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mlango wa kabati. "Sasa ya wagonjwa unaotesha wapi?"

"Jicho bwana, hubadiliki." Akanyoosha kidole kwenye sinki. "Pale. Unamwaga, unaandika jibu. Tena panaota haraka."

Wakacheka wote, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wengine ni mkaguzi. Hakikuwa kicheko cha watu waliosikia jambo jipya.

"Na wa mama?" nikauliza.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Aliyekuwa anakupakulia wewe kabla yangu."

Akaja akanishika bega. "Dada, mama ni mtu mzima. Wazee wa umri ule ni mgongo tu, nilijua hata kabla ya kufungua kikopo. Na sikukuweka. Jibu si ulilipata siku ileile?"

Siku ileile. Kila mwaka nafundisha wanafunzi wa mazoezi kwamba hakuna sahani inayosomwa siku iliyopakwa. Tarehe mbili zilikuwa pale kwenye karatasi, ya kupokea na ya kutoa jibu, zote moja. Niliziona. Niliziona, nikajisemea Msafi siku zote ni mwepesi, nikasaini.

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, mkavu, unanukia sabuni. Niliutoa kama ninavyotoa konokono kwenye nguo. Nimeshika kinyesi, usaha na makohozi kwa miaka ishirini, na sijawahi kusikia kinyaa kama kile. Uchafu wa mgonjwa hauna kosa, umetoka kwa mtu anayeumwa.

"Unanuka," nikamwambia.

Akainamisha kichwa akanusa shati lake.

Mlangoni mkewe alinikimbilia na kopo. "Dada, mpelekee mama." Nililipokea, kwa sababu adabu nyingine zinakaa mikononi hata akili ikiwa imeondoka.

Mama alikuwa kitini, miguu juu ya stuli. "Wenzako hawajambo? Na Msafi wangu, bado ananawa?"

"Bado ananawa, mama."

Nikaenda jikoni nikamwaga mtindi kwenye sinki, nikafungua bomba mpaka mwisho. Mama aliniona kupitia mlangoni. "Unamwaga chakula cha watu?"

"Kimeharibika," nikasema. Nikampa kikopo kisafi.

Kabati la hospitali lilikuwa limeshatengenezwa. Nilipaka sahani mwenyewe jioni ile na kuikagua kesho yake. Ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, kama mkate uliosahaulika. Daktari alimbadilishia mama dawa, akampeleka kwenye picha ya figo. Ya kulia imekwisha. Ya kushoto inaweza kuokolewa ikitunzwa. "Zile dawa za maumivu zimeisaidia kufa," alisema, akiinamia faili. Hakuniangalia. Karatasi ilikuwa mbele yake, na sahihi yangu chini.

Niliweka picha ya sahani na ya karatasi ile kwenye kundi. Kwa saa nzima walizitazama mmoja mmoja. Kisha Kipaza akaandika: "Jamani, wengine tunakula saa hizi. Tuheshimiane." Akaifuta picha ya sahani. Dakika chache baadaye: "Shemeji atuelekeze basi ule mtindi." Wanane wakaweka kidole gumba. Kuna watu nimekula nao sahani moja chuoni, na sasa nikiyaona majina yao kwenye simu natamani kunawa.

Msafi aliniandikia pembeni. "Jicho, ukitaka kunipeleka mbele, kumbuka ile karatasi ina sahihi mbili."

Hilo peke yake hakudanganya. Nililala nalo siku mbili. Nilijitetea kwa kila namna: kazi nyingi, uchovu, urafiki. Kila utetezi ulinuka kama wake. Siku ya tatu nikamweleza mama yote, kuanzia sufuria mpaka tarehe.

Akashusha miguu kutoka kwenye stuli. "Kwa hiyo wewe hukusoma?"

"Nilisoma, mama. Sikutaka kuona."

"Angekuwa amekuletea mtu usiyemjua, ungeona?"

"Ningeona."

Akageuza uso ukutani. Baadaye aliniomba maji, nikampa, akayanywa bila kunitazama.

Asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya baraza la wataalamu wa maabara, lile linalotoa leseni zetu. Mwanamke wa dirishani alikuwa mpole, akanitolea fomu ya malalamiko, akashika kalamu. "Unamlalamikia nani, dada?"

"Ni wawili," nikasema.

Nikamtajia jina la Msafi, lile halisi, akaliandika polepole kwa herufi kubwa. "Na wa pili?"

Nikamwekea kitambulisho changu juu ya fomu.