Jiko la Kukunja la Zlatina

Zlatina Mutafova alikuwa mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea. Kwa miaka thelathini na mmoja alikata vitambaa katika kiwanda cha mashati mjini Sevlievo, na kazi hiyo ilimfaa, maana mkasi ukishapita hakuna kurudi nyuma. Alipima, akasita, akapima tena. Wenzake walimtania kwamba siku ya kufa kwake atalipima jeneza mwenyewe ndipo aingie. Alicheka nao, kisha akarudi kupima.

Mdogo wake, Iskra, hakuwa hivyo hata chembe. Alifundisha watoto kupiga kodiani, alicheka kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na alikubali jambo kabla mtu hajamaliza kuuliza. Majira ya baridi yaliyopita homa ya mapafu ilimlaza hospitali wiki tano. Zlatina alitoka kazini moja kwa moja mpaka kando ya kitanda chake, akakaa akimsikiliza anavyohema. Kila pumzi ya mdogo wake ilipochelewa kidogo, na yake ilikatika.

Iskra alipopata nguvu ya kukaa, hakuomba supu wala redio.

"Dada, mwezi wa tisa unipeleke juu, milima ya Balkani. Siku tatu tu. Tulale kwenye hema kama tulipokuwa wasichana."

"Wewe una wazimu. Ngazi mbili tu zinakutoa ulimi."

"Sasa hivi, ndiyo. Mwezi wa tisa hazitanitoa."

Na kweli, hazikumtoa. Daktari alimpima kiangazi kilipokaribia kwisha, akamruhusu kwa sharti moja: asilowe, asipatwe na baridi. Iskra alisikia neno la ruhusa. Zlatina alisikia sharti, na tangu siku hiyo halikumtoka kichwani.

Ndiyo maana habari ya jiko ilimnyima usingizi. Iskra alitaka waazime jiko la gesi la shemeji yao, dogo la kuwekwa juu ya mtungi.

"Mtungi ukiisha kule juu, maji nitayachemsha na nini? Na mdomo wako?" Zlatina aliuliza.

"Mdomo wangu una moto wa kutosha. Haya, wewe unataka nini?"

"Jiko la kuni. La kukunja. Kuni ziko kila mahali."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitajua la kufanya."

Aliyasema haya haraka, upesi kuliko alivyozoea kusema jambo lolote, na papo hapo akajuta. Sasa lilikuwa jiko lake. Likishindwa, yeye ndiye aliyechagua.

Jumamosi akapanda basi mpaka Gabrovo, kwa Mzee Gencho, fundi mstaafu aliyekuwa akitengeneza majiko ya namna hiyo kwenye gereji yake. Mzee alitandika blanketi juu ya meza, akaweka matatu. La kwanza lilikuwa la madini ya titani, jepesi kama bahasha. La pili lilikuwa vipande vitano vya chuma vya kuchomekana. La tatu lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, kuta zake zimeungwa kwa bawaba. Likikunjwa linalala bapa kama daftari.

"Wengi wanachukua hili jepesi," mzee alisema. "Wanapenda kulipima kwa kidole."

Zlatina alisogea mezani. Alitoa mfukoni glavu zake nene za sufu, akazivaa, akafumba macho.

"Mama, unafanya nini?"

"Nina baridi, nimelowa, na kuna ukungu," alisema. "Niletee moja moja."

Mzee Gencho alimtazama, kisha akafanya alivyoambiwa. La titani lilifunguka, lakini bati lake lilipinda chini ya vidole. Lile la vipande vitano lilimshinda kabisa. Kipande kimoja kilimponyoka, wakakitafuta chini ya meza wote wawili wamepiga magoti. La bawaba lilisimama mara ya kwanza. Lilikuwa zito kuliko mengine, karibu nusu kilo, lakini lilikuwa na mlango mpana wa kulishia vijiti, na chini yake sahani ya kuzuia majivu yasiunguze ardhi.

"Hili," alisema akifumbua macho.

"Miaka ishirini nauza," mzee akasema, "hakuna aliyenijia na glavu mwezi wa nane." Akamfundisha mambo mawili: mlango uelekee upepo, na asilishibishe. "Jiko dogo ni kama mtoto mchanga. Linakula kidogo kidogo, kila mara. Ukilijaza mdomo, linakaba."

Alilijaribu nyumbani kwenye roshani. Moshi ukapanda mpaka ghorofa ya nne, na jirani yake, Bi Pavlina, akatoa kichwa.

"Zlatina! Unachoma nini, mume?"

"Mume nilishamchoma zamani! Nachemsha chai!"

Mara ya kwanza maji yalikataa kuchemka. Mara ya tano nusu lita ilichemka kwa dakika tisa. Akaandaa mfuko usiopitisha maji: vitambaa vya pamba vya kiwandani alivyovitia nta, vijiti vya msonobari vyenye utomvu, viberiti viwili vya gesi, na njiti za kawaida ndani ya chupa ya dawa. Bado roho haikumtulia. Kila alipoulizwa na mtu kama wako tayari alijibu ndiyo, kisha akaenda kuhesabu njiti upya.

Siku ya kwanza mlimani ilikuwa ya jua. Walipanda polepole, wakala mkate na jibini na nyanya, na jioni jiko likawachemshia dengu bila tatizo. Iskra aliimba. Zlatina alimkagua soksi, akamgusa shingo kama ina jasho, akamvalisha sweta, mpaka Iskra akamwambia, "Dada, nimekuja kutembea, sikuja kulelewa."

Siku ya pili, saa sita mchana, mlima ulipotea. Ukungu ulipanda kutoka upande wa kaskazini ukafunika mgongo wote, na nyuma yake ikaja mvua ya baridi iliyochanganyika na theluji. Walikuwa wamepanga kulala kwenye nyumba ya wapanda milima. Walipoifikia, mlango ulikuwa na kufuli, na karatasi iliyoloa ikisema mwenyewe ameteremka kijijini, atarudi kesho. Kijiji kilikuwa mwendo wa saa nne. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao. Nyumba haikuwa hata na kibaraza, na upepo uliipiga pande zote.

"Tushuke msituni," Zlatina alisema. "Tukajikinge kwenye miti."

Njia ya kushukia ilikata kijito. Maji hayakufika hata magotini, lakini Iskra alikanyaga jiwe la utelezi, akaanguka kwa ubavu. Alinyanyuka akicheka.

"Nimeoga bila sabuni!"

Zlatina hakucheka. *Asilowe, asipatwe na baridi.* Yote mawili yalikuwa yametokea kwa sekunde moja.

Hatua mia mbili chini ya kijito, nyuma ya jabali kubwa lililokuwa kama ukuta, alisimamisha hema kwa vidole visivyotii. Akamvua Iskra nguo zote zilizolowa, akamkausha kwa fulana yake mwenyewe, akamvika kila kilichobaki kikavu, akamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, na wa kwake juu yake. Iskra alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Hilo Zlatina aliliweza. Kilichomwogopesha ni sauti yake, iliyokuwa imeanza kuburuta maneno.

"Liwashe humu ndani," Iskra alisema. "Jiko. Liwashe humu, dada. Nasikia baridi."

"Haiwezekani."

"Kidogo tu. Mlango nitaushika wazi."

"Sumu ya moshi wake itatuua tumelala, hutaisikia hata ikija. Na hema litashika moto. Hapana."

"Una roho mbaya."

"Ninayo."

Akatoka. Jiko likasimama kwenye mikono yake yenye glavu, mlango ukaelekea upepo, sahani chini. Hadi hapo ilikuwa vizuri. Kuni ndizo zilizomtoa jasho. Kila alichookota chini kilikuwa kimelewa maji. Aliwasha kitambaa cha nta, vijiti vya utomvu vikashika, moto ukapanda vizuri. Akaongeza matawi aliyookota, moto ukafuka, ukazomea, ukazima.

Akapiga magoti pale akitazama ule moshi. Kule ndani Iskra alikuwa amenyamaza.

"Iskra!"

Kimya.

"Iskra, nijibu! Taja wanafunzi wako!"

"...Nikolcho," sauti ikaja, nzito. "Wa meno makubwa."

"Mwingine!"

Hapo ndipo Zlatina alipokumbuka matawi ya misonobari ya chini kabisa, yale yaliyokufa lakini bado yananing'inia kwenye shina, ambayo mvua haiyafikii sana. Alikimbia mti hadi mti akiyavunja. Yaliyovunjika kwa mlio aliyachukua, yaliyopinda aliyaacha. Alitoa kisu akachana manene, ndani yakawa meupe na makavu. Muda wote alikuwa akipiga kelele kuelekea hemani: "Mwingine! Na mwingine!" Na kila jina lilipochelewa alimwita tena kwa sauti zaidi.

Mara ya pili hakujaza. Kitambaa kimoja, utomvu, vijiti vyembamba kama kalamu, vitatu, kisha vitatu. Mikono ilikuwa ikimuwasha kumwaga mzigo mzima ndani ili uwake haraka, na alijizuia kama anavyomzuia mtu mwingine. Moto ukaanza kuvuta hewa kwa chini, ukaunguruma. Akatua sufuria.

Sasa likaja jambo ambalo kwenye roshani hakuliwaza. Lile jiko halikumruhusu kuondoka. Akigeuka kwa dakika mbili, moto unashuka. Akikaa nao, Iskra yuko peke yake hatua tatu tu, nyuma ya kitambaa, na hajui anapumuaje. Akaweka vijiti, akatambaa mpaka hemani, akamgusa shavu, akarudi, akaweka vijiti. Mara moja alirudi akakuta sufuria imeinama upande, karibu kumwagika. Akaishika kwa kiganja kitupu, glavu zilizolowa zikiwa kando, na ngozi ikashikamana na chuma. Alipiga yowe.

"Kuna nini?" Iskra akauliza.

"Hakuna. Taja majina!"

Kwa upepo ule maji yalichukua dakika kumi na saba. Alijua, kwa sababu aliangalia saa kila baada ya muda mfupi kana kwamba saa ndiyo inayochemsha. Aliyamimina ya kwanza kwenye chupa, akaifunga kwa soksi, akaiweka kifuani kwa mdogo wake. Ya pili yakawa chai ya majani ya mlimani, sukari imejaa mpaka inashika kijiko. Alimshikia kikombe, akamnywesha kidogo kidogo. Iskra alitazama kikombe kama hakijui. Ya tatu yakawa chupa nyingine, ya kwapani. Ya nne, chai tena. Rundo la vijiti likaisha, akaenda kuvunja mengine, na giza lilikuwa bado halijaingia alipomsikia Iskra akikohoa na kusema kwa sauti yake mwenyewe:

"Chai gani hii? Umeweka sukari ya arusi?"

Zlatina alikaa chini pale pale kwenye matope. Alilia bila kutoa sauti, kisha akatia vijiti vitatu, kwa sababu moto ulikuwa unashuka.

"Kunywa," alisema. "Na ukome kutaja Nikolcho, umemtaja mara sita."

"Ana meno sana huyo mtoto, ungemwona."

Hakulala. Yaani, alilala lakini kwa vipande, mkono wenye malengelenge juu ya mgongo wa Iskra ukihesabu pumzi. Asubuhi ukungu ulikuwa umekwenda. Mwenye nyumba ya mlimani aliwakuta njiani akipanda na punda wake, akarudi nao mpaka kijijini Iskra akiwa juu ya punda, na kutoka hapo gari likawapeleka zahanati. Mapafu yalikuwa salama. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimfunga Zlatina kiganja, akamuuliza alivyojichoma, na aliposikia akasema walikuwa na bahati.

Zlatina hakubisha, ingawa aliona bahati ni neno dogo kwa matawi yote yale.

Ndani ya basi la kurudi Sevlievo, Iskra aliegemeza kichwa dirishani.

"Ungelileta ndani ya hema, dada, nisingekulaumu. Nilikuwa nimekuchukia pale."

"Nilijua."

"Ukaendelea tu?"

"Ningefanya nini? Uchukie ukiwa hai."

Basi likavuka daraja la mto Yantra. Iskra akauliza mama yao ataambiwa nini. Wakabishana juu ya hilo njia nzima: Iskra akitaka wamwambie kila kitu kwa vichekesho, Zlatina akitaka wamwambie mvua ilinyesha basi. Hawakuafikiana. Mwaka uliofuata walipanda tena, siku mbili badala ya tatu, na katika shanta ya Zlatina kulikuwa na jiko la kuni na jiko la gesi pia, na mtungi wa akiba. Iskra alilicheka begi lile mpaka machozi yakamtoka. Zlatina alikaza kamba zake, akainama, akamkagua soksi.