Gari Lililosubiri Amina

Gari la marehemu baba lilikuwa linawaka likipenda. Nikienda kazini Westlands peke yangu, nilizungusha ufunguo mara moja tu, likanguruma. Mama akiingia, kimya. Taa za dashibodi zinang'aa, starta haitoi hata mlio. "Hii gari hainipendi," alisema, akaapa kwamba ikituangusha siku ya kupeleka mahari ya binamu yangu kule Mutuini, itauzwa.

Ufundi nimejifunza kwenye video za simu, na mimi ni mtu wa kufungua na kufunga kamba za viatu mpaka zilingane. Nilisugua vichwa vya betri kwa mswaki vikang'aa, nikavisugua tena. Nilibadilisha relei, kile kiswichi kinachopelekea starta umeme. Nilipima waya za starta pale tunapoegesha, Kileleshwa, mlinzi akiniuliza kama nafanya mtihani. Kila nilipojaribu, liliwaka. Lilikuwa kama mgonjwa anayepona akimwona daktari, nusura nilie.

Siku ilipofika, mama alikaa mbele na viatu vyake vya visigino, shangazi nyuma na vikapu. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Shangazi akaanza kutafuta teksi kwenye simu. Mama akasema tuombe kwanza, na yeye haombi akiwa na viatu. Alivivua, akakunja miguu juu ya kiti, akashukuru kwa mengi, gari likija mwisho kabisa. Amina. Nikajaribu tena. Likawaka.

Shangazi akapiga vigelegele. Mimi, nakiri, sikumkumbuka Mungu hata kidogo. Nilikuwa nimepata dalili mpya. Nikazima injini.

"Sasa umezima ya nini, mami?" mama akaniuliza.

"Vaa viatu, mama. Kanyaga chini."

Kimya.

"Vua."

Likawaka. Tukarudia, vaa, vua, mpaka shangazi akasema tumerogwa, nami nacheka hadi machozi. Nikazunguka upande wa mama, nikafunua kapeti. Chini yake palikuwa na swichi ndogo iliyochakaa. Ilikuwa katauti, ile swichi ya siri ambayo watu wa Nairobi hufungisha ili mwizi asiweze kuliwasha gari. Baba aliificha vizuri, akafa bila kumwambia mtu. Siku hizi ilikuwa imelegea, kisigino kikiigusa tu inakata umeme wa starta.

Mama aliinama kuitazama. "Yaani hata mimi aliniweka kwenye kundi la wezi," akasema, kisha akacheka kuliko sisi sote. Nilipotaka kuing'oa alikataa. Ni ya baba yako, iache.

Tulifika Mutuini tumechelewa, hakuna aliyetugombeza. Jioni, wageni wakiagana, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikamgeukia mama. Alikuwa amekaa wima, macho kwenye hema ambako akina mama walikuwa bado wanaimba. Nikatazama chini. Kisigino kilikuwa pale pale penye swichi.

"Nafikiri gari yetu inataka tukae kidogo," akasema.