Gari la Mwalimu, Barabara ya Baba Yake

Mimi kazi yangu ni miguu ya magari. Injini sizigusi, redio sizigusi, na mtu akiniletea gari nilishushe liburuze tumbo eti kwa sababu ameona picha kwenye simu, namrudisha alikotoka. Watu husema nina mdomo. Ninao. Lakini Mwalimu alipoingia karakana kwangu mara ya kwanza mdomo ulinikauka, maana alikuja na daftari.

Ni mwalimu wa hesabu, mwembamba, viatu vya bapa, vidole havikosi chaki. Siku tano za wiki gari lake dogo jeupe lilikwenda shuleni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi lilikwenda uwanja wa mbio, gari hilo hilo, na Mwalimu akawa anawaacha nyuma wanaume ambao magari yao huletwa uwanjani yakiwa yamebebwa juu ya lori. Hakuwa na gari la pili wala hakulitaka. "Gari nisilolijua Jumatatu, nitalijuaje Jumamosi?" alikuwa akiniambia. Daftarini aliandika kila mzunguko: sekunde ngapi, matairi yana joto gani, kwenye kona ipi gari lililala upande.

Kwa miaka miwili alitembelea springi ngumu za mashindano, nilizomfungia mwenyewe. Uwanjani gari lilishika lami utadhani limegandishwa. Barabarani lilikuwa adhabu tupu. Ukipita juu ya kijiti cha kiberiti, unajua kama kimewashwa au bado.

Siku moja akaja amekunja uso.

"Fundi, nataka gari lilainike."

"Lilainike kiasi gani?"

"Kiasi cha mzee wa miaka sabini na minne."

Baba yake nilikuwa namjua kwa kumsikia tu. Aliendesha lori miaka thelathini, kisha presha ya macho ikamla nuru kidogo kidogo hadi ikaisha yote. Kila asubuhi Mwalimu alimpeleka dukani kwa shangazi, dada wa huyo mzee, akae na watu badala ya kukaa na kuta, ndipo yeye aende shuleni. Na kila asubuhi barabara ile mbovu ilimtupa mzee huku na huku.

"Halalamiki," Mwalimu alisema. "Lakini akishuka anashika kiuno. Anadhani sioni."

Tulikaa na daftari saa nzima. Springi za kiwandani zingempa mzee raha, lakini kwenye kona gari lingelala kama mlevi. Zile ngumu ubaya wake tulishaujua. Nikampendekezea njia ya kati: springi za wastani, na shokamzoba zenye kifundo juu. Shokamzoba ni lile bomba linalozuia springi isilirushe-rushe gari. Hizi, ukizungusha kifundo, zinakaza au zinalegea, tik moja baada ya nyingine, tik ishirini kwa jumla. Jumamosi akaze, Jumatatu alegeze.

Alipiga hesabu. "Hata nikikaza zote, nitapoteza kama sekunde mbili kila mzunguko."

"Utapoteza, Mwalimu."

Akafunga daftari. "Basi zifunge."

Nilizifunga kwa moyo wangu wote, nikalegeza vifundo hadi mwisho, nikaenda kulijaribu. Lilipita juu ya mashimo kama halina habari nayo. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Wiki tatu baadaye akarudi, macho mekundu. Nilidhani amelibamiza mahali.

"Baba hataki tena kupanda gari," akasema. "Anasema nimwache nyumbani. Hali chakula vizuri, hazungumzi. Fundi, uliharibu nini?"

Mtu akigusa kazi yangu huwa napanda juu mara moja. Lakini aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba, si ya mtu anayegomba, nikanywea. Nikamwambia tumwombe mzee safari moja tu, nami nitakaa kiti cha nyuma.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mzee alikubali kwa kumheshimu mgeni. Alikuwa mrefu, ndevu zimenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa mbele, mikono juu ya magoti. Tukaondoka. Gari likaelea kama nilivyolitaka. Baada ya muda akauliza, "Tumefika wapi?" Mwalimu akamjibu. Hata dakika mbili hazijapita: "Na sasa?" Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ndogo hadi nikaona haya kuisikia.

"Mzee," nikasema, "kabla sijabadilisha hizi springi, ulikuwa unauliza hivyo?"

Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Niulize nini? Nilikuwa najua. Reli inagonga mara mbili. Daraja lina viungo vinne. Ukitoka darajani kuna kiraka kirefu upande wa kushoto, hapo ndipo tunapinda. Nilikuwa naendesha pamoja na mwanangu, ila yeye hajui. Wewe fundi umenipofusha mara ya pili."

Miaka ishirini na sita nasifiwa kwa kuondoa mitikisiko, na kwa mtu huyu mitikisiko ndiyo iliyokuwa macho. Mwalimu alisimamisha gari kando.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu. Kila asubuhi unaniuliza, 'Baba, si laini sasa?' Ningekwambia nini?"

Mwalimu akalia waziwazi, mikono kwenye usukani. Mimi nikajitia kutafuta bisibisi ambayo sikuihitaji.

"Na kiuno?" akauliza baada ya kupenga kamasi.

"Kiuno kilikuwa kinauma kweli," mzee akasema. "Hapo sitadanganya."

Basi tukaanza kazi ambayo sikuwahi kuifanya maishani. Tuliendesha kipande kile kile, kutoka kwenye reli hadi kwenye kiraka, nenda rudi. Kila tukifika mwisho nashuka, nakaza mbele kwenye boneti na nyuma kwenye buti, narudi ndani. Hakimu ni mzee. Tik mbili: "Bado tumelala kwenye godoro." Tik tano: "Reli nimeiona." Mwalimu akaandika. Tik nane: akahesabu viungo vya daraja kwa kidole gotini, lakini cha tatu kikamponyoka. Tik kumi na moja: akashika kiuno. "Hapana, jamani. Hapo mmenirudishia lori langu." Tukashuka hadi tisa.

Kwa tik tisa tulivuka daraja, vyote vinne akavipata, na akasema "Pinda!" kabla Mwalimu hajawasha taa ya kupindia. Mwalimu akacheka, akapinda. Mbele ya kona ile kuna kibonde kidogo ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Gari likainama, likainuka. Mzee akanyamaza ghafla.

"Huwa unanyamaza hapa, Baba," Mwalimu akasema. "Tangu zamani. Nilidhani ni maumivu."

"Hapa ndipo alipokuwa anashuka mama yako, asubuhi, akienda kazini." Mzee alizungumza taratibu. "Lori lilikuwa refu na yeye mfupi. Nikiliingiza kibondeni, anakanyaga ukingoni moja kwa moja, haruki. Tangu afariki, kila asubuhi nikipita nawe hapa, nilikuwa namwambia neno. Hizi wiki tatu nimekuwa nampita bila kujua."

Mwalimu aliendesha hadi penye nafasi, akageuza gari.

"Tupite tena, Baba?"

"Kama fundi hana haraka."

Nyumbani walikuwa wananisubiri tangu saa nne. "Sina," nikasema.

Safari hii Mwalimu alikwenda polepole, akaingia kibondeni, akasimama hapo hapo na kuzima injini. Kisha akanyoosha mkono, akamfungulia baba yake kioo cha upande aliokuwa akishukia mama.