Maji Mdomoni, Vyungu Motoni

Siku hizi nauza vyungu Singida Mjini, pembeni ya soko, na wageni wanaoshuka kwenye mabasi huniuliza: mama, mtu akifika hapa afanye nini asije akaondoka bure? Nawaambia. Nenda ziwani Singidani asubuhi ukawaone wale ndege wekundu, wamesimama kwa mguu mmoja kama watu waliokatazwa kukaa. Panda jiwe lolote kubwa, maana mawe ya hapa huyatafuti, yanakutafuta yenyewe. Kula kuku wa kienyeji, usiulize umri wake. Halafu nunua chungu, na ukinunue kwangu. Wanacheka, wananunua.

Nami nacheka, ila kicheko changu ni cha zamani. Mtu wa kwanza kuandika mambo ya lazima kwa mgeni, mimi nikiwapo, alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Aliyaandika kwenye karatasi ya daftari, akaipigia muhuri. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini karatasi ile niliisoma yote, kwa sababu maisha yangu yalikuwa kwenye namba nne.

Kabla sijafika huko, niwataje wahusika. Majina siandiki, wana wajukuu na wajukuu hawana kosa. Wa kwanza ni huyo mwenyekiti, aliyetuhamisha kwenye tembe zetu mvua zikiwa zimeshaanza, ingawa aliombwa asubiri mavuno. Wa pili ni mgambo wake, aliyepanda juu ya paa la mama yangu akang'oa boriti mama akiwa bado anatoa vyungu ndani. Mama alilala wiki tatu chini ya turubai, kifua kikambana, akafa. Wa tatu ni shemeji wa mwenyekiti, mdogo wa mke wake, ambaye mama akiwa hajamaliza arobaini alikuja kuniuliza kama jiwe letu la kusugulia vyungu bado lina kazi. Hao watatu. Nimemaliza, sasa nicheke.

Kijiji kipya kilipangwa mistari kando ya mto wa mchanga, ule unaopita maji miezi michache na miezi mingine unapita watu. Kingo zake zilikuwa na udongo mzuri wa kufinyanga, mweusi, laini kama mlenda. Basi ikaja habari kwamba Afisa Utamaduni wa mkoa anatutembelea na wageni wake. Na kwamba mjini, karibu na ziwa, inafunguliwa nyumba ya sanaa: wasusi, wachongaji, wapiga ngoma, na mfinyanzi mmoja. Mmoja tu. Atapewa chumba cha kulala, chakula na udongo, awafundishe wengine. Afisa atamchagua mwenyewe siku ya ziara.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa kwa baba mdogo, kibanda kimoja watu tisa, na baba mdogo alishakunywa pombe ya posa ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Mzee alikuwa anasubiri mtama ukauke tu. Kwa hiyo chumba kile cha mjini sikukitamani kama binti anavyotamani kitenge. Nilikitamani kama mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa.

Karatasi ya mwenyekiti ilisema hivi. Lazima wageni wavuke mto kwa miguu, wapokewe na ngoma. Lazima wapande jiwe la nyuma ya ofisi waone nchi. Lazima waone nyumba zilizochorwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Namba nne: lazima waone vyungu vikichomwa. Namba tano: lazima wanywe. Chini yake akaongeza: lazima wafurahi.

Pale namba nne, kwenye mabano, ilikuwa imeandikwa: Mfinyanzi Mkuu wa Kijiji, halafu jina la shemeji yake.

Nilimfuata ofisini.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba. Kama ni habari ya namba nne, imeshapigwa muhuri."

"Lakini shemeji yako hajawahi kufinyanga hata kifuniko."

"Ndugu, ufinyanzi ni matope. Hakuna mtu asiyejua matope. Wewe utamsaidia kuwasha."

Kweli, shemeji alifinyanga. Siku nne kabla ya wageni alikaa mtoni, akatoa vyungu vinane, vyote vimeinama upande mmoja kama vinasikiliza umbea. Vyangu vilikuwa sita. Nilivianika kivulini siku nyingi, nikavipandisha kwenye kichanja juu ya jiko vikapigwa moshi hadi ukivigonga vinalia vikavu. Asubuhi ya ziara tukaambiwa tuvichome pamoja, vionekane vingi.

Niligusa chungu cha shemeji tumboni. Kilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Mwenyekiti, hivi bado vina maji ndani. Vitapasuka."

"Kwani moto kazi yake nini? Si kukausha?"

Nikaomba jambo moja, nipange lundo mwenyewe. Akakubali, mradi vya shemeji vikae mbele, upande wa wageni. Nikavipanga vyake mbele, katikati nikajenga ukuta wa vigae vya vyungu vilivyovunjika siku mama anahamishwa, na nyuma ya ukuta nikaviinamisha vyangu. Juu nikaweka kuni, samadi kavu, nyasi.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Mama alinifundisha kwamba mwenye kuchoma anashika maji mdomoni tangu anapowasha hadi ndimi za moto zitue. Hatemi, hamezi, haongei na mtu, hata awe nani. Ukimeza, umepasua chungu kimoja. Mimi nadhani wazee walishaona kuwa mfinyanzi anayepiga soga haangalii moto wake, wakatafuta cha kumfunga mdomo. Pale mtoni wote waliijua desturi hiyo. Mwenyekiti alitoka kata nyingine, alikuja na cheo na shemeji yake.

Wageni wakavuka mto. Afisa Utamaduni alikuwa mama mnene mwenye miwani, kavua viatu kavishika mkononi, mchanga unamchoma anarukaruka, wapiga ngoma wakadhani anacheza, wakazidisha. Akapanda jiwe, akashushwa na watu wanne. Akaona nyumba zilizochorwa. Kisha wakaja kwetu. Nikachota maji, nikajaza mashavu, nikawasha.

"Hamjambo wanangu," akasema yule mama.

Shemeji akaruka kama amekaa juu ya siafu. "Shikamoo mama, karibu mama, hii ndiyo kazi yangu mama, nimeianza nikiwa mdogo." Mimi nikapiga goti, nikaweka mkono kifuani, nikatazama moto. Kwetu kutomwamkia mkubwa ni aibu ya kuhama nayo mji. Nilisikia mwenyekiti ananong'ona, "Samahani Afisa, huyu msaidizi hana adabu." Shemeji akaendelea kuongea. Aliongea mfululizo, alieleza udongo, akaeleza maji, akaeleza hata moto unavyowaka, na moto upo pale unawaka.

Ndipo chungu cha kwanza kikalia. Paa.

Wakati ule redio ilikuwa kila siku inasema tuwe macho na maadui. Mgambo alikuwa macho kuliko wote. Akapiga kelele, "Laleni chini," akawa wa kwanza kulala. Chungu cha pili, cha tatu, paa, paa, vigae vinaruka juu na majivu. Wageni wote chini, Afisa chini na miwani yake, wapiga ngoma wamejificha nyuma ya ngoma. Mwenyekiti alikimbilia nyuma ya pipa la namba tano, akalipiga kikumbo, pipa likalala, na pombe yote ya mtama ikamfuata mgambo pale alipolala. Mgambo akajishika kifua, akaona mikono imelowa, akasema kwa sauti ndogo sana, "Nimepigwa. Mwambieni mke wangu."

Nami mashavu yamejaa. Jamani, kuna mateso mengi hapa duniani na mengine nimeyapitia, lakini kuzuia kicheko mdomo ukiwa na maji, mbele yako yule aliyeng'oa paa la mama yako anausia kwa ajili ya pombe ya mtama, hilo ni teso la peke yake. Machozi yalinitoka. Maji yalitaka kutokea puani. Nilijifinya paja hadi likavimba.

Vikapasuka vyote vinane. Mwenyekiti akainuka, akajipangusa, akanielekezea kidole.

"Huyu. Huyu ndiye amehujumu. Amenyimwa nafasi, akatia kitu motoni." Akanisogelea. "Sema. Umeweka nini humu?"

Nikamtazama.

"Mnaona? Amekosa la kusema. Afisa, huyu tutamshughulikia leo leo."

Nilijua maana ya kushughulikiwa. Ningefungiwa kwenye stoo ya mbolea, na nikitoka kule, ni kwa yule mzee wa ng'ombe moja kwa moja. Ningeweza kutema nijitetee. Moto ulikuwa bado una ndimi, na nyuma ya vigae vyangu sijui kulikuwaje. Sikutema.

Afisa alivaa miwani yake, akanikagua. "Mbona mashavu yamevimba hivi? Anaumwa jino?"

Aliyejibu ni shangazi yangu, dada wa baba mdogo, bibi mfupi ambaye uongo wote aliousema maishani aliusema kwa uso wa kanisani. "Ana maji, mama. Mwenye kuchoma anashika maji mpaka moto utue. Hapa kwetu ndiyo kazi yenyewe."

"Ala. Na mfinyanzi mkuu? Maji yake yako wapi?"

Watu wote wakageuka kwa shemeji. Shemeji akakimbilia mtungi uliokuwa karibu, akapiga funda kubwa, akajaza mashavu. Ulikuwa mtungi wa chang'aa ya wazee. Macho yalimtoka, yakageuka mekundu kama ya kambale aliyetolewa tope, lakini ateme wapi, mkoa mzima unamtazama.

"Na wageni?" Afisa akauliza. "Wageni nao wanashika?"

Haikuwa desturi. Wala haikuwamo kwenye karatasi. Shangazi hakupepesa jicho. "Lazima, mama. Mgeni ndiye wa kwanza."

Basi ikapitishwa ndoo na kata ya kuchotea. Afisa akajaza mashavu, dereva akajaza, wageni wa kutoka mbali wakajaza, wapiga ngoma wakajaza, mgambo aliyekuwa amekufa akafufuka akajaza. Shangazi akafika kwa mwenyekiti na kata imejaa hadi ukingoni. "Na wewe baba." Angekataaje? Akajaza. Mtu ambaye hakuwahi kunyamaza tangu apewe muhuri akanyamaza, mashavu mawili kama maboga, kidole chake bado kimenielekea mimi.

Tukasimama duara, watu kama arobaini, kimya, tunatazama moto. Upepo wa mtoni ukipita unasikika. Halafu kigae kimoja kilichosahaulika kikasema paa, kidogo tu, na dereva akashindwa. Maji yakamtoka kama bomba, yakamlowesha aliye mbele, naye akashindwa, na yule wa pembeni yake. Watu walikuwa wanatemeana maji mgongoni, wanajishika matumbo, wanakaa chini kwenye mchanga. Afisa alilia machozi bila kutema hata tone, alikuwa mama wa kazi yule. Tukabaki tulioshika wachache: yeye, mimi, shemeji, na mwenyekiti, ambaye hasira hazikumpa nafasi ya kucheka.

Ndimi zikatua. Nikatema pembeni, nikachukua fimbo ndefu, nikafukua. Mbele kulikuwa na vipande vitupu. Nikaondoa ukuta wa vigae. Viwili vyangu vilikuwa vimepata nyufa. Vinne vimesimama, vyekundu, midomo mizima. Nikakinyanyua kimoja kwa fimbo nikakiweka mchangani. Afisa akatema naye, akavunja kijiti, akakigonga. Kikalia vizuri, mlio mrefu.

"Nani amefinyanga hiki?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa na deni langu hilo." Akatoa daftari. "Na hivi vilivyopasuka?"

"Si vyangu, mama. Vilikuwa vibichi. Nilisema."

Shemeji alikuwa ameshakaa chini, chang'aa imeshajipenyeza kooni yenyewe, anatabasamu kwa mtu ambaye hayupo. Afisa akamgeukia mwenyekiti, maana bila ruhusa ya kijiji mtu hakuwa anahama. "Mwenyekiti, namchukua huyu. Una pingamizi?"

Mwenyekiti akamtazama shangazi, macho yanauliza kama sasa anaweza kutema. Shangazi akainama, akayachungulia majivu kwa makini, akachokonoa kidogo na kidole cha mguu.

"Bado, baba," akasema.

Afisa akaandika jina langu, akalipigia mstari chini. Nilifunga vyungu vinne kwa nyasi, nikabeba na jiwe la mama la kusugulia, nguo sikuwa nazo za kufunga. Kwenye gari la mkoa waliniweka katikati ya dereva aliyelowa na mgeni mmoja aliyekuwa bado anapata kwikwi za kucheka, na kila gari likirushwa na shimo tulianza upya wote. Vyungu vilikuwa vya moto mapajani, viliniunguza kupitia nyasi. Sikuvisogeza.