Makaburi Saba Niliyoyalima kwa Jembe

Admin, ficha jina langu na la kijiji changu. Ukiandika tu "huko njia ya Kwihara" inatosha, vijiji ni vingi na wazee waongo pia ni wengi.

Mimi ni mwanaume wa miaka sabini na nne. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Nina mke, watoto watano, wajukuu wengi, na cheo: mimi ndiye mlinzi wa makaburi ya wapagazi wa zamani. Shida yangu ni hicho cheo.

Enzi za Ujamaa tulitolewa kwenye makazi yetu ya zamani tukapangwa kando ya barabara, nyumba zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Kijiji kikatenga shamba la wote. Mwenyekiti alitaka tumbaku, akina mama wakataka viazi. Mkutano ulikaa siku mbili, akina mama wakashinda kwa sababu hawakuchoka kusema. Kila mtu akapewa ngwe yake, apige matuta marefu kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho.

Nilikuwa kijana mwepesi wa maneno, mzito wa jembe. Nilipiga matuta saba, kila moja urefu wa mtu mmoja aliyelala, nikatupa jembe nikaenda Isevya kucheza bao. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota. Mwenyekiti akaja kukagua, na siku zile mvivu alisomwa jina mbele ya mkutano mzima.

"Wewe kijana, haya matuta mbona mafupi hivi?"

"Shikamoo, mwenyekiti. Haya si matuta."

"Marahaba. Ni nini sasa?"

"Makaburi. Ya wapagazi wa misafara. Niliona mapema, ndiyo maana sikuendelea kulima."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mwenyekiti alivua kofia. Watu wakaweka majembe chini. Msichana mmoja tu, nimwite Kalunde, mwenye ngwe jirani na yangu, alinitazama, akayatazama yale saba, akaendelea kulima.

Mkutano ukaitwa. Nilidhani nitaumbuka, kumbe watu wakaanza kukumbuka! Mzee mmoja akasema, "Babu yangu aliyataja sana haya." Mwingine akambishia, "Saba? Mimi niliambiwa tisa!" Hadi jioni kila ukoo ulikuwa na ndugu pale. Ikaamuliwa upande ule wa shamba usiguswe milele, na mimi, kwa kuwa niliyaona wa kwanza, niyatunze. Na mtunzaji halimi. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Mluzi uliisha nilipomkuta mama yangu anakoroga unga kwenye maji. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita ya Wajerumani, mama akiwa tumboni, na hakurudi. Akaniambia, "Twende ukanionyeshe." Alipita polepole kaburi kwa kaburi. Kwenye la tatu akapiga magoti, akamwaga maji ya unga, akasema, "Baba, mimi ndiye yule uliyeniacha tumboni." Nilisimama nyuma yake. Lile la tatu nililikumbuka vizuri, ndilo nililopiga nikiwa natafuna muwa.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Kila mwaka kabla ya mvua alikwenda kulifagia. Alipokaribia kufa aliomba jambo moja, azikwe kando ya baba yake. Tukamzika. Kwa hiyo sasa yako makaburi manane, na lenye mtu ni moja.

Kalunde nilimwoa. Alikubali posa kwa sharti kwamba yeye nisimdanganye kamwe.

Sasa, ndugu zangu, kijiji tumeambiwa tutajengewa zahanati tukitoa eneo la kijiji kando ya barabara. Lililobaki ni lile la makaburi tu. Tusipolitoa, zahanati inakwenda kijiji cha pili. Kwenye mkutano uliopita vijana walipiga kelele, "Wafu wamelala kando ya barabara, wazima tunajifungulia kwenye bodaboda!" Wazee wakajibu, "Mkiwagusa wapagazi, msije kutulilia." Kisha wote wakanigeukia. "Babu, wewe ndiye unayewajua. Wanasemaje?"

Nikasema, "Nipeni hadi Jumamosi niwaulize." Mwili umezeeka, uoga haujazeeka.

Aliyejifungulia kwenye bodaboda ni mjukuu wangu. Walikuwa njiani kwenda Tabora mjini. Mtoto hakulia. Sasa ana mimba nyingine. Zahanati haitaiwahi mimba hii, najua, lakini yeye bado binti mdogo, atazaa tena. Na kwenye mkutano alikaa mbele kabisa, ananitazama.

Nilimwambia mke wangu, "Nitasema nimeota, wamekubali kuhamishwa."

Kalunde akacheka hadi akashika mlango. "Wakichimba kuwahamisha watakuta nini, mzee wa makaburi? Viazi?" Kisha akaacha kucheka. "Nimekaa kimya miaka yote kwa ajili ya mkwe wangu. Jumamosi usiposimama wewe, nitasimama mimi."

Nikisema ukweli, yale saba yatasawazishwa kabla sijarudi kukaa. Aibu yangu naiweza, siku zangu si nyingi. Ila mama atabaki peke yake pale, na kijiji kizima kitajua alikuwa akililia tuta la mwanawe mvivu. Nikinyamaza, na nikamsihi Kalunde naye anyamaze, mjukuu wangu atapanda tena bodaboda.

Jumamosi ni keshokutwa. Kalunde ameshanifulia shati. Mnaonisoma, ningekuwa babu yenu mngetaka nifanye lipi? Na kama ni kusema, je, ni vibaya kuwaomba waliache lile la tatu? Maana mama alipokufa kazi ya kulifagia niliirithi mimi, na kila nikifika pale, kabla sijainama, najikuta nimesema, "Shikamoo, babu."