Bwana Pembe Alipopiga Magoti

"Miezi minane, Beda! Miezi minane namuua mtu aliyepiga magoti!"

"Si mtu, ni picha."

"Picha yenye magoti!"

Raheli alikuwa amesimama katikati ya sebule, kidude cha kubonyezea kinaning'inia mkononi kwa waya wake kama panya aliyeshikwa mkia. Mbele yake, kwenye televisheni, Bwana Pembe alikuwa hai. Alisimama ng'ambo ya daraja, ile kofia yake ya chuma yenye pembe mbili ameivua, ameshika taa, anasubiri kuambiwa safari inaelekea wapi. Ndiye huyohuyo ambaye Raheli alikuwa amemkata kichwa mara nyingi kuliko kuku wote waliochinjwa Kilosa tangu reli ifike.

Aliyemwokoa ni Yusrah, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, jirani wa nyumba ya tatu. Alipita kutoa shikamoo baada ya kazi, akakuta gemu imefika pale darajani, Bwana Pembe amepigwa, ameanguka kwa magoti, na maneno ya Kiingereza yametokea chini ya miguu yake. Akayasoma tu, kama mtu anavyosoma kibao cha duka.

"Bibi, kumbe huyu hataki vita. Anasema amechoka kumtumikia mfalme wake. Ukimwacha hai, atakushikia taa mpaka mwisho wa safari."

Raheli akabonyeza jibu la juu, ambalo hakuwahi kuligusa. Daraja, lililokuwa likikatika kila siku na kumrudisha msituni mwanzo kabisa, halikukatika.

"Na wewe ulikuwa unanisomea nini?" Alimgeukia Beda, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote, karibu na birika. "Ulisema anasema, 'Kikongwe wewe, rudi jikoni ukakoroge uji.' Kila siku uji! Nikakasirika, nikambonyeza shingo!"

"Ulikuwa unamuua vizuri, mtani. Mkono mwepesi."

"Usinichekeshe. Leo sicheki."

Na kweli hakucheka, jambo ambalo mtaa mzima wa stesheni ungekataa kuliamini.

Maana Raheli aliweza kuchekea hata mafuriko. Zile mvua za Elinino zilipobeba reli, yeye ndiye aliyewahadithia watu kwamba ameona mataruma yakielea foleni moja kama mamba wanaokwenda harusini, na la mbele limevaa kofia ya stesheni masta. Ndipo akakwama kwake mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale waliozuka biashara ziliporuhusiwa, wakawa wanazunguka na vitu vya Dubai kwenye maboksi. Alikaa wiki tatu akila ugali wa Raheli na mlenda wake. Treni iliporudi, kwa shukrani akamwachia televisheni ndogo na gemu ya kanda. Watu walidhani mama mzee ataifunika kitambaa na kuipangia maua ya plastiki juu. Kumbe mwezi haukuisha, alikuwa anaruka mashimo na kupiga majitu kuliko mtu yeyote Kilosa.

Kilichomshinda ni maneno. Raheli hakusoma. Alizaliwa Mamboya, akaolewa Kilosa na mshika swichi wa reli, na wakati wa kisomo cha watu wazima alikaa nyuma darasani na kitabu mkononi, akimsikiliza jirani na kukariri. Mkaguzi alipokuja, Raheli alisoma ukurasa mzima bila kosa, kitabu kikiwa kichwa chini. Alipewa cheti. Kipo hadi leo, kimefungiwa chumvi.

Kwa hiyo kazi zote za macho alimwachia Beda. Beda Mnyamwezi, baba yake alikuja kukata mkonge, Raheli Mkaguru. Watani. Beda angeweza kuingia asubuhi, akafunua sufuria, akala nyama yote na kusema, "Wakaguru hamjui kupika, nimekusaidia kumwaga." Raheli naye angemtangazia sokoni kwamba Wanyamwezi walizaliwa na mzigo kichwani. Mume wa Raheli alipokufa, Beda ndiye aliyejitupa kaburini akidai azikwe yeye, marehemu bado ana zamu ya usiku, mpaka wafiwa wakacheka na machozi usoni. Mtani hakasirikiwi. Ndivyo ilivyo. Ukimkasirikia, wewe ndiye umevunja.

"Hata ningekusomea kweli," Beda alisema sasa, akiweka kikombe chini, "ungefanyaje? Adui ni adui. Ameua kijiji kizima mwanzo wa gemu, tumeona wote. Unampa mgongo akushikie taa? Angekuchoma kisu hatua ya pili."

"Hajanichoma. Yule pale, amesimama kama mposaji."

"Bado!"

"Beda, babu zako walipita Mamboya na misafara. Babu zangu waliwatupia mishale, nao wakatuibia mbuzi. Utani ulitoka wapi? Si watu walichoka kuzikana? Mmoja akapiga magoti, na mwenzake akamsikia alichosema. Angekuwepo mtu wa kutafsiri kama wewe, leo ungekuwa unakunywa chai ya nani?"

Yusrah akacheka. Beda hakucheka, na hapo ndipo Raheli alipomtazama sawasawa. Alikuwa anatazama mlango. Utani ukimrudia, Beda huwa anapiga paja na kutafuta jibu chafu zaidi. Leo jasho lilimtoka juu ya mdomo, kwa kosa la picha.



Raheli alikiweka kidude chini. Akaingia chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na barua tatu kutoka Mikumi, za mdogo wake Naomi. Ndugu hao walikuwa hawajaonana miaka miwili, tangu matanga ya mama yao, Naomi alipoondoka Mamboya na jiwe la mama la kusagia bila kuaga. Barua zote tatu alizisoma Beda. Ya kwanza: jiwe ni langu, usiniulize. Ya pili: ukikanyaga Mikumi nitakufungulia mbwa. Ya tatu, ya mwezi uliopita, Raheli hakutaka kuikumbuka, alikuwa ameilia siku mbili.

"Yusrah mwanangu, nisomee."

Beda aliinuka. "Mtani, hayo ya ndugu yaache. Yamepoa."

"Kaa chini."

"Mtoto wa watu amechoka, ametoka kazini..."

"Kaa chini, Beda."

Akakaa. Yusrah akafungua ya kwanza, akasoma kwa sauti yake ya ofisini, polepole.

"'Dada yangu Raheli, shikamoo. Nisamehe nililichukua jiwe. Niliogopa wajomba wangelivunja waweke msingi wa nyumba. Lipo mlangoni kwangu, jioni nalifunika gunia. Ni letu wote.'" Akafungua ya pili. "'Dada, nimefungua kibanda cha chakula hapa barabarani. Malori ya Zambia yanasimama kutwa, mikono yangu haitoshi. Chumba chako nimekipiga chokaa. Njoo tupike pamoja kama zamani.'"

Ya tatu Yusrah aliitazama kwanza, akamtazama Raheli.

"Soma."

"'Dada, nimepata majibu yako. Nimelia. Sijui nilichokukosea zaidi ya jiwe. Ng'ombe wakiuzwa nitapata nauli, nitakuja mara moja tu, nisikie kwa mdomo wako. Ukinikataa, sitakusumbua tena.'"

Kwenye televisheni muziki wa gemu uliendelea kuzunguka palepale, tiriri, tiriri.

"Majibu," Raheli alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu mwingine. "Majibu yangu uliyaandikaje?"

Beda alitazama mikono yake.

"Nakuuliza. Yake uliyageuza. Yangu je?"

"Yako niliandika kama ulivyosema."

"Lile la kaburi?"

"Na la kaburi."

Lile la kaburi Raheli alilisema kwa hasira, akitembea huku na huku na mwiko mkononi: mwambie siku nikifa asije, hata vumbi la kaburi langu asilione. Beda aliandika kimya, akalamba bahasha, akaipeleka posta mwenyewe. Alirudi akala chakula cha mchana.

"Ilikuwa utani," Beda alisema.

"Utani husemwa mbele ya watu, mtu akauona, akacheka au akakupiga na sufuria. Huu nani aliuona? Ulicheka na nani, Beda? Ulicheka peke yako njiani?"

"Sikucheka."

"Sasa kwa nini?"

Yusrah alikuwa ameanza kuzikunja barua, moja moja, kwa mikunjo yake ya zamani.

"Ungehamia Mikumi," Beda alisema mwishowe. "Chumba kimepigwa chokaa. Ungekwenda wiki hiyohiyo, nakujua. Mimi ningebaki hapa namtukana nani? Nyumba za Wakaguru mtaa huu zimebaki hii moja."

Mwanamume mzima wa miaka sitini na kitu. Raheli alitafuta hasira akaikuta, tele, ila mkono wa kuitupa haukuinuka. Miaka thelathini alikuwa amempa mtu huyu ruhusa ya kusema uongo wowote mbele yake, halafu akampa na macho yake.

"Hukuniua," alisema. "Afadhali ungeniua. Umenifanya mimi ndiye nimkate ndugu yangu shingo, akiwa chini, ananishikia taa. Na ulikuwa unaniambia nina mkono mwepesi."

"Raheli..."

"Usiniite jina. Hujawahi kuniita jina. Sasa nakwambia mbele ya Yusrah, kuanzia leo wewe na mimi..."

"Hodi humu ndani."

Pazia la mlango likasogezwa kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa juu imeshika mzigo wa kichwani, kitu kizito kilichozungushiwa gunia, na shingo chini yake ilikuwa imekaza mishipa. Naomi alikuwa amekonda. Vumbi la barabara lilimfika magotini. Hakutua mzigo.

"Dada," alisema, "shikamoo."